Madume kangomba: nyenje asiyeimba anapataje jike?

Mla Mabibo (Tandahimba)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Tangu korosho zianze kudondoka nimehamia shambani. Kuna watu siku hizi wanaokota kabla mwenye shamba hajaamka, kwa hiyo nalala kibandani na panga na tochi. Chaji ya simu inaisha saa tatu. Baada ya hapo kazi inabaki kusikiliza giza.

Mlangoni pangu, chini ya gunia tupu, alihamia nyenje. Kiza kikiingia anaanza, ukipita ananyamaza, ukijilaza anaanza tena kwa nguvu kama analipwa. Usiku wa nne uvumilivu ukaniisha. Nikawasha tochi, nikafunua gunia polepole nimkamate nikamtupe kwa jirani.

Nikamkuta kazini. Mbawa za juu kaziinua, anazisugua moja juu ya nyingine kwa kasi mpaka zinaonekana kama ukungu mgongoni. (Kwa wanaodhani nyenje analia kwa mdomo: hapana, ni mbawa. Na masikio yake yako miguuni, chini kidogo ya goti la mguu wa mbele. Mungu fundi.) Sasa shubiri moja pembeni yake yupo wa pili, kimya kabisa. Nikasema huyo jike, ameshaitika. Nikammulika nyuma. Jike la nyenje lina kitu kirefu kama sindano ya kushonea magunia, ndicho anachokichomeka ardhini kutaga mayai. Huyu hana. Nikaangalia mbawa, zina mistari iliyojikunjakunja kama alama ya kidole gumba, na hizo ni mbawa za dume; za jike mistari yake imenyooka. Dume kamili, vyombo vya kuimbia anavyo, na haimbi.

Nikazima tochi, nikakaa juu ya ndoo. Kila baada ya muda nawasha, nauziba mwanga kwa vidole, nachungulia. Baada ya kama nusu saa akatokea jike upande wa majani makavu, anafuata sauti. Hakufika. Yule bubu akamkatia njia, akamgusa kwa vipapasio, akatoa kilio kidogo mno, cha kunong'ona, mimi mwenyewe nilikisikia kwa sababu nilikuwa nimeinama. Kisha akampa mgongo na jike akapanda. Kwa nyenje jike ndiye anayepanda juu. Mwimbaji pale pale anaendelea kupaza, hana habari.

Nikacheka peke yangu usiku ule. Huyu ni kangomba, mnunuzi wa korosho wa njia za panya! Sisi tunapalilia, tunapuliza salfa, tunapeleka mzigo chama cha msingi, tunasubiri mnada. Yeye anakaa njiani na kibakuli chake na noti mkononi, anamdaka mkulima kabla hajafika ghalani. Msimu haukuandaliwa na yeye, ila anakula msimu.

Kilichoninyima usingizi ni swali moja. Kama kuimba ndiyo njia ya kupata jike, tabia ya kukaa kimya ilipaswa kufa zamani. Haijafa. Kwa nini?

Nilisoma mambo ya wadudu kidogo chuoni kabla maisha hayajanirudisha kwenye mikorosho, basi naanza na ninachokijua. Kuimba ni gharama. Ya kwanza ni nguvu ya mwili. Ya pili ni kwamba sauti ile haisikiwi na majike peke yao. Mwaka 1975 mtafiti William Cade alitoa habari za nyenje wa Texas, Marekani. Huko kuna nzi anaitwa Ormia ochracea, na nzi huyu anasikia. Anafuata wimbo wa nyenje usiku, akimpata anamwachia viluwiluwi vyake juu ya mwili na karibu yake, vinamtoboa vinaingia ndani, vinamla akiwa hai. Baada ya wiki moja hivi vinatoka na nyenje anakufa. Cade aliweka spika zinazopiga sauti ya nyenje, nzi wakaja kwenye spika. Na kandokando ya waimbaji wa huko aliwakuta mabubu kama huyu wangu.

Tufanye hesabu ya kubuni. Mwimbaji anapata majike 3 kwa usiku lakini anaishi usiku 4. Bubu anapata 1 kwa usiku, anaishi usiku 12. Kila mmoja ana 12. Nani mjinga hapo?

Karibuni. Wenye visa vya wanyama wengine wenye madume ya namna hii wamwage.

---

Bajaji ya Newala

Uzi bila picha ni umbea. Weka picha ya kangomba mkuu.

---

Mla Mabibo

Simu ilikuwa imezima ndugu yangu, nimesema hapo juu. Soma kwanza.

---

Ticha Chikundi (Masasi)

Mla Mabibo umenifurahisha. Mimi nafundisha baiolojia na mada hii nikiifikia darasani hakuna anayesinzia, hata wa nyuma kabisa.

Niongeze jambo moja ambalo watu hulichanganya. Mabubu wako wa aina mbili: aliyezaliwa hivyo, na aliyefikishwa hapo na hali. Sura moja, habari mbili tofauti.

Aliyefikishwa na hali, mfano wangu ni mbawakawa wa mavi. Nenda ilipolala ng'ombe asubuhi, fukua chini ya mavi yaliyoanza kukauka juu, utaona mashimo yanashuka ardhini. Chini huko jike anasindilia mavi kama soseji, anatagia humo, buu likianguliwa linakula humo humo. Katika jamii ya Onthophagus madume makubwa yana pembe, na dume mwenye pembe anakaa kwenye handaki kama bawabu. Akija dume mwingine wanasukumana kwa vichwa ndani ya shimo mpaka mmoja arudi nyuma. Dume mdogo hana pembe au ana vinundu tu. Mlangoni hapiti. Kwa hiyo anachimba handaki lake pembeni, linaenda kutokea kwenye handaki la jike chini ya mlinzi. Anaingia uani, anampanda jike, anatoka alikotokea. Bawabu yuko mlangoni kajaa kifua.

Douglas Emlen aliwachunguza hawa Panama, aina inayokula mavi ya nyani. Aligundua kwamba pembe hairithiwi kwa baba kama tunavyodhani. Buu likipata chakula cha kutosha linakuwa dume la pembe, likipungukiwa linakuwa dume la handaki la uani. Baba mwenye pembe ndefu anaweza kuzaa mtoto asiye na kitu. Yote inategemea donge la mavi uliloachiwa na mama lilikuwa kubwa kiasi gani.

Na pembe si za bure. Mwaka 2006 Leigh Simmons na Emlen walizuia pembe zisiote kwa mabuu ya aina moja ya mbawakawa hawa. Madume yaliyotoka yalikuwa na miili mikubwa zaidi na makende makubwa zaidi. Mwili una bajeti moja. Ukinunua silaha unapunguza mbegu. Dume wa uani hapigani, ugomvi wake anaupeleka ndani ya tumbo la jike, mbegu zake zishindane na za yule bawabu.

Wa kuzaliwa nitarudi kuwaeleza, kengele imegonga.

---

Mzee wa Ligula

Vijana, mimi nasoma hapa nashangaa. Mnakaa mnasifu kiumbe kinachovizia cha mwenzake. Kesho kijana atasema "hata mbawakawa anaingia uani". Elimu gani hii?

---

Mla Mabibo

Shikamoo mzee wangu. Hakuna anayesifu. Siafu wanakula vifaranga vikiwa hai, nikieleza wanavyofanya sijasema tuwaige. Mimi nataka kujua kwa nini bubu hajaisha shambani kwangu, basi.

---

Mzee wa Ligula

Marahaba. Endeleeni lakini kwa adabu.

---

Bajaji ya Newala

Mzee anataka kujua mwisho wake ila anaona haya 😂

---

Mama Pono (Mikindani)

Jamani mimi nauza samaki, nimeitwa humu na jina langu.

Pono mnaowajua wa bei ni wale wakubwa wa bluu na kijani, wanang'aa, mdomo kama kasuku. Na wapo wadogo wa kahawia, wateja wanawapita kama hawawaoni. Zamani nilidhani ni samaki wawili tofauti. Mvuvi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniambia, "Mama, huyu wa kahawia akikua ndiye huyo wa bluu." Sikuamini. Nikaanza kuwaangalia ninapopasua. Wengi wa kahawia wana mayai, ni majike. Wale wa bluu ni madume. Pono wengi wanaanza jike, wakikua wanageuka dume na rangi inabadilika.

Sasa lililonishangaza ni hili. Siku moja moja napasua kijipono cha kahawia, sura ya jike kabisa, nakuta ndani mfuko mweupe umejaa tele, ukiuminya inatoka kama maziwa. Dume! Na ule mfuko ukiulinganisha na mwili wake ni mkubwa kuliko wa yule bluu ambaye mwili wake ni mara tatu. Mwanangu anasoma, akaniletea maelezo: hao wamezaliwa madume ila wamebaki na rangi ya kike. Dume la bluu lina eneo lake pale mwambani, linaita jike mmoja mmoja, wanapanda juu pamoja kwa kasi, wanamwaga mayai na mbegu kwa pamoja majini. Wale wa kahawia wanafanya mawili. Ama wanajikusanya kundi zima wanamzunguka jike mmoja na kupanda naye wote, ama mmoja anajibanza karibu na bwana mkubwa kama jike wa kawaida, na sekunde ile ya kumwaga anachomoka na kumwaga zake.

Ndiyo maana mfuko mkubwa. Anashindana na kumi, kijiko hakitoshi.

Halafu mnisikilize kuhusu dome. Wale wanaodhani dome ni ngisi mnene, si hivyo, dome ana ule mfupa mweupe ndani mnaowapa kasuku. Anabadili rangi akiwa mkononi mwako. Mwaka 2012 Culum Brown na wenzake huko Australia walieleza dome mmoja dume, akijikuta katikati, jike upande huu na dume mwenzake upande ule, anaugawa mwili. Nusu inayomtazama jike anaweka michirizi ya kumtongoza. Nusu inayomtazama dume anaweka madoa ya kike. Mwenzake anaona majike wawili wametulia, hana wasiwasi.

Wanaume wa huku hawajafika hapo. Au wamefika, sijui, nisije nikaulizwa.

---

Bajaji ya Newala

Mama umetuua. Uso nusu nusu!

---

Mzamia Songosongo (Kilwa)

Ngoja na sisi wa pweza tuseme.

Ukimtoa pweza mwambani unajuaje dume? Hesabu mikono upande wa kulia kuanzia mbele, wa tatu. Kwa dume ncha ya mkono huo haina vile vikombe vya kunatia, na kuna mfereji unapita kando yake mpaka mwisho. Huo ndio mkono wa ndoa. Anauingiza kwa jike anapitishia mfuko wa mbegu, anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa mbali kidogo, urefu wa mkono, maana jike la pweza likiwa na njaa halichagui kati ya mume na kitoweo.

Christine Huffard alichunguza pweza wadogo wa Indonesia, Abdopus aculeatus. Dume kubwa linahamia pango la jirani na la jike, linanyoosha mkono kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa jike bila kutoka nje, na dume lolote likisogea linafukuzwa. Madume madogo yanakuja yanaogelea chini kabisa, yamejibana kwenye mchanga, hayajionyeshi rangi zile za kiume. Yanafika kwa jike upande wa pili wa jiwe.

Hayo ya Indonesia nimesoma. Lakini mtu aliyezamia miaka atakwambia, ukimkuta pweza mkubwa amekaa shimo lililo karibu karibu na lingine lenye pweza, usiondoke haraka, angalia na upande wa nyuma.

---

Shangazi Lindi

Nimesoma yote. Swali: majike yako wapi? Kila mtu anaeleza dume huyu kamzidi dume yule, jike amekaa tu anasubiri kuchukuliwa kama mzigo wa stendi. Na mimi nafuga kuku, najua si kweli.

La pili, Mla Mabibo, mfano wako wa kangomba una kasoro. Kangomba anamnyonya mkulima, anampa bei ya njaa kwa kipimo cha kibakuli. Kwenye kisa chako mkulima ni nani? Jike? Jike hajaibiwa chochote pale, alitaka dume kapata dume.

---

Mla Mabibo

Shangazi umenibana. Anayepata hasara ni mwimbaji, aliyetoa nguvu na kuhatarisha shingo. Basi niseme mwimbaji ni chama cha msingi 😂. Nakubali mfano umechechemea.

---

Ticha Chikundi

Nimerudi. Shangazi ana haki na nitaanza na kuku wake. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walichapisha uchunguzi wa kuku waliorudi kuishi porini huru. Jogoo mnyonge hana nafasi ya kutongoza kwa adabu, anavamia. Tetea akivamiwa hivyo, mara nyingi baadaye anazisukuma nje mbegu za yule mnyonge, anazitoa kabisa. Za jogoo mkubwa anazibakiza zaidi. Kwa hiyo mvizia anaweza kupanda na asizae. Ukiona kitendo usidhani umeona matokeo.

Shangazi, na majike nao wana mbinu zao mbadala. Kereng'ende wembamba wa jamii ya Ischnura, baadhi ya majike yana rangi za kiume kabisa. Pembeni ya dimbwi madume yanasumbua kupita kiasi, jike anataka kutaga au kula hana nafasi. Mwenye sura ya dume anapitwa. Na mwaka 2017 Rassim Khelifa alieleza kereng'ende wakubwa wa milima ya Uswisi, Aeshna juncea: jike akifukuzwa na dume hewani anajiachia, anaanguka chini kama jiwe, analala chali hatikisiki. Dume akiondoka anaamka anaruka zake.

---

Shangazi Lindi

Hiyo ya kuzimia naijua sana. Endelea.

---

Ticha Chikundi

Sasa wale wa kuzaliwa, na hapa tusiende mbali, twende Kigoma. Ziwa Tanganyika kuna samaki Lamprologus callipterus. Dume kubwa linaokota makombe ya konokono yaliyo matupu kwa mdomo, moja moja, linarundika mahali pamoja. Majike madogo yanaingia kila mmoja kombe lake, yanataga humo na kukaa na mayai. Dume lina uzito zaidi ya mara kumi wa jike, haliwezi kuingia kombeni, linamwaga mbegu mlangoni tu. Lazima liwe kubwa, la sivyo halibebi makombe. Na jike lazima awe mdogo, la sivyo haingii.

Halafu yupo dume kibeti. Uzito wake kama sehemu moja ya arobaini ya yule mkubwa. Anapenya ubavuni mwa jike, anashuka mpaka kwenye ncha ya ndani kabisa ya kombe, anakaa huko. Jike akitaga, yeye yuko karibu na mayai kuliko mwenye nyumba. Huyu hakufika hapo kwa njaa. Kazaliwa kibeti na watoto wake wa kiume ni vibeti. Inaenda kwa damu.

Hivyo hivyo kwa ndege mmoja, chokowe wa Ulaya na Urusi, Calidris pugnax. Nasema wa huko kwa kuzaliana tu, maana baridi ya kwao ikianza huja Afrika, na Tanzania hufika. Kuna madume ya aina tatu: wenye kola ya manyoya meusi au ya kahawia wanaolinda kiwanja cha kuchezea, wenye kola nyeupe wasio na kiwanja, wanaocheza kwenye viwanja vya wenzao, na wa tatu, wachache mno, wana sura ya jike mia kwa mia. Hao wa tatu sayansi iliwatambua mwaka 2006 tu, huko Uholanzi, na walikuwa wakishikwa na kuachiwa miaka yote. Tofauti zao zimo kwenye kipande kimoja cha kromosomu kilichopinduka karibu miaka milioni 3.8 iliyopita. Wakija huku wameshavua manyoya ya harusi, wote kahawia. Unaweza kumwona majarubani usijue ni yupi kati ya watatu.

---

Bajaji ya Newala

Ticha, kama kibeti anarithisha na anakaa karibu na mayai, mbona ziwa zima halijajaa vibeti? Nauliza kwa nia njema safari hii.

---

Ticha Chikundi

Swali hilo ndilo roho ya uzi. Wakijaa vibeti, nani ataokota makombe?

Mvizia analipwa vizuri akiwa mchache. Kadiri wanavyozidi wanagawana kidogo, na mlinzi aliyebaki anavuna. Walinzi wakizidi, kila mahali pana kombe la kupenyea, mvizia anavuna. Kwa hiyo hakuna anayemmaliza mwenzake, wanapimana.

Mfano mzuri kuliko wote ni mjusi wa California, Uta stansburiana. Barry Sinervo na Curtis Lively waliandika habari zake mwaka 1996. Madume yake yanatofautiana kwa rangi ya koo. Koo la chungwa: mbabe, eneo kubwa, majike mengi, anampora wa bluu. Koo la bluu: eneo dogo, anamlinda jike wake kwa karibu, hawezi kuviziwa. Koo la njano: anafanana na jike, hana eneo, anapenya kwa mbabe wa chungwa kwa sababu mbabe ana eneo kubwa hawezi kulitazama lote. Chungwa anampiga bluu, bluu anamzuia njano, njano anamzidi chungwa. Miaka ikienda wanapokezana nani awe mwingi.

---

Mama Pono

Kwa hiyo hakuna bingwa.

---

Mla Mabibo

Mama, na hapo ndipo mfano wangu wa kangomba ninapouacha rasmi, Shangazi ameshinda. Nachukua wa mdoezi. Mtu anasikia ngoma usiku, hakualikwa, anaifuata, anakula pilau. Mdoezi hana hasara siku yoyote isipokuwa siku ambayo kijiji kizima kimeamua kuwa wadoezi. Hakuna aliyepiga ngoma, wataenda wapi?

Na imeshatokea, kwa nyenje hawa hawa. Kisiwa cha Kauai, Hawaii. Yule nzi mwenye masikio alifika kule kutoka bara la Marekani akawakuta nyenje Teleogryllus oceanicus. Wakapungua sana. Marlene Zuk alikuwa anawafuatilia, na mwaka 2003 alipokwenda kisiwa kilikuwa kimya akadhani wamekwisha. Akamulika kwa tochi, wamejaa! Zaidi ya asilimia 90 ya madume yalikuwa na mbawa laini, vyombo vya kuimbia vimefutika. Badiliko la jeni moja, lilienea kwa vizazi visivyofika 20. Mabubu hao hawana hiari kama huyu wa kwangu, hata wakitaka hawawezi. Wanafanyaje? Wanajikusanya karibu na waimbaji wachache waliobaki. Ngoma moja, wadoezi kibao.

Wa kwangu vyombo anavyo. Kwa hiyo najiuliza: nikimwondoa mwimbaji, bubu ataimba?

---

Mzee wa Ligula

Jaribu uone. Usiue lakini.

---

Mla Mabibo

Siui mzee. Nimechukua rangi ya kucha ya mama watoto (hajui). Mabubu nimewapata watatu kuzunguka kibanda: mmoja doa jekundu mgongoni, mmoja jeupe, mmoja zambarau. Mwimbaji nimemweka kwenye kopo la maziwa lenye matundu, nimempeleka mwisho wa shamba, mikorosho kumi na nane kutoka hapa, nikamwachia. Narudi kesho.

---

Shangazi Lindi

Mama watoto akijua wewe ndiye utakayeimba.

---

Mla Mabibo

Taarifa, siku ya tatu leo.

Usiku wa kwanza kimya. Nililala vizuri, nikakumbuka kwamba ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo.

Usiku wa pili, kama saa nne kasoro, kilianza kilio chini ya gunia. Si cha yule wa zamani, huyu alikuwa anakatakata, anaanza anaacha, kama redio yenye betri dhaifu. Nikafunua. Doa jeupe, mbawa juu, mahali pale pale alipokuwa anakaa mwenye nyumba. Doa zambarau yuko kimya, shubiri moja pembeni yake.

Usiku wa tatu jeupe hakatikatiki tena, anapaza kama mwenzake wa kwanza, na mimi silali.

Doa jekundu sijamwona usiku. Asubuhi nilimkuta jogoo wa jirani anaparura chini ya gunia, nikamfukuza, nikachelewa. Pale chini kilibaki kipande cha ubawa chenye rangi ya kucha. Picha naiweka sasa hivi, Bajaji usiniandame.

---

Bajaji ya Newala

Aliliwa yule aliyekuwa kimya?

---

Mla Mabibo

Ndiyo. Wa kimya.